Mwalimu Aliyetutembeza Mji wa Ufaransa Ndani ya Dzaleka

Walimwambia akiwa amesimama. Hilo njo linaniuma kupita mengine yote. Kiti kilikuwako, nilikiona kwa macho yangu, lakini juu yake kulikuwa mkoba wa yule mama wa ofisi na hakuna mtu aliyeutoa. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, ametoka kambi ya Dzaleka kabla jua halijapanda, amevaa koti ambalo nililishona mimi mwenyewe, akasimama mbele ya meza huko Lilongwe na kuambiwa kwamba faili yake ya kumfuata binti yake Ufaransa imefungwa. Sababu yao ilikuwa moja: anafundisha wakimbizi kusema uongo.

Yule mama alisema kwa Kiingereza. Deo Mulonda, mkalimani, akageuza kwa Kiswahili. Mwalimu hajui Kiingereza. Anajua Kifaransa kuliko mtu yeyote niliyemkuta kambini, lakini siku ile, kwenye meza ile, Kifaransa chake hakikuwa na kazi.

Akamgeukia Deo. Hakupandisha sauti.

"Deo," alisema, "ambia huyu mama Kifaransa chako ulikisomea wapi."

Deo aliangalia karatasi muda mrefu. Halafu akamwambia yule mama maneno machache ya Kiingereza: mzee hana swali.

Mi nina darasa la nne tu, la kwetu Fizi, kando ya ziwa. Lakini nimeshona nguo za Wamalawi miaka mingi, na Kiingereza cha namna ile kinaniingia. Nilikuwa mlangoni, nimemsindikiza. Nilisikia, nikaelewa, nikanyamaza, juu faili yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya ofisi ileile. Ninalitaja hilo mapema ili mtu asifikiri nimekuja kunyooshea wengine kidole peke yao.

Sasa nirudi nyuma, maana kwenye faili yao huyu mtu ameandikwa mistari miwili tu na yote miwili si yake.

Jina lake siliandiki. Kambi nzima inamwita Mwalimu, na inatosha. Majina ya wengine nitayaandika, yake hapana, limeshachezewa ya kutosha.

Mwalimu ni mtu mwembamba, mwenye shingo ndefu, anayetembea kama mtu anayechelewa mahali wakati haendi popote. Jumamosi anavaa kravati. Jumapili, kanisani, havai. Nilimuuliza ni juu ya nini havai, akasema Mungu anamjua tayari, lakini wanafunzi ni lazima kila juma bamujue upya. Anaogopa mbwa vibaya sana. Akiona hata mbwa mgonjwa amelala, anazunguka nyumba tatu ili asipite karibu yake, halafu anakuambia alikuwa anaangalia mambo ya mtaa. Sukari kwake ni ya mgonjwa. Ukimtembelea ukiwa mzima, unakunywa chai kavu, na ukikohoa kidogo kwa kujaribu bahati yako anakuuliza umeanza lini, umemeza dawa gani, mpaka unaona haya. Lakini mwaka ule mvua ilipoangusha nyumba ya jirani yake Mrundi, mtu waliyekuwa wanagombana naye kila asubuhi juu ya radio, Mwalimu alimpa blanketi na mkeka, akalala juu ya gunia. Ugomvi wa radio uliendelea kesho yake palepale ulipokuwa umeachwa.

Uongo alikuwa anauchukia mpaka unachoka naye. Siku moja watu wa mgao wa chakula waliandika kwa makosa kwamba nyumba yake ina watu watano. Watano, na yeye analala peke yake. Mtu mwingine angefunga mdomo na kuchukua chakula. Mwalimu alirudi kwenye mstari, akasimama tena jua lote, akawaambia bakosoe, aandikwe mmoja. Mama Riziki wa nyumba ya pili alimwambia:

"Mwalimu, si ungetuachia sisi hao bane waliozidi?"

"Hao bane hawajazaliwa, mama."

"Basi bazaliwe. Unga iko njiani."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alibaki mmoja.

Mtu wa namna hiyo njo waliyemwandika kuwa anafundisha uongo.

Sasa niseme ule Mji. Alipokuwa kijana, mwalimu mpya kabisa, walimtuma pamoja na wenzake kujifunza kazi miezi tisa katika mji mdogo wa zamani, huko mashambani mwa Ufaransa. Jina la mji ninalijua vizuri. Silitaji, kwa sababu lilishaandikwa mara moja kwenye faili na ona limetufikisha wapi. Sisi tulisema Mji, basi. Mji uko na daraja la mawe ambalo katikati limepanda kama mgongo wa ng'ombe. Uko na ngome juu ya mwamba, kinu cha maji, soko lenye paa la mbao nzee, na mahali pa chini, kando ya mto, ambapo zamani bamama walikuwa wanafulia nguo chini ya kibanda. Kuna njia ya kutembea kwa miguu kando ya mto, kuna njia ya baiskeli kupita katikati ya mizabibu, na wakati wa joto watu wanapiga kasia ndani ya mtumbwi mwembamba kwa kujifurahisha tu, hawavui kitu, hawavushi mtu.

"Bila kuvua samaki?" niliuliza siku ya kwanza. Sisi watu wa ziwa hatuelewi jambo hilo haraka.

"Bila samaki, fundi. Wanaenda, wanarudi."

"Basi hao iko na wazimu."

"Sema hivyo kwa Kifaransa," alisema, na hapo njo masomo yangu yalianza.

Hakuwa na ubao wala vitabu. Alikuwa na miguu. Kila Jumamosi asubuhi tulikutana kwenye ukuta wa zamani. Dzaleka ilikuwa jela kabla sisi hatujafika, na majengo mengine ya wakati ule bado yamesimama. Mwalimu aliweka mkono juu ya ukuta huo akasema: hii ni ngome, imejengwa na mabwana wakubwa wa zamani, angalieni unene wa mawe. Halafu tukashuka. Kisima cha pampu kilikuwa mahali pa kufulia. Bamama waliokuwa wanachota maji walitusalimia na sisi tukawajibu kwa Kifaransa, na wao wakazoea, wengine wakajifunza bonjour bila kulipa wala kutembea. Soko la kambi lilikuwa soko la paa la mbao. Kamto kadogo kanakokauka wakati wa kiangazi kalikuwa mto. Na kile kilima upande wa juu, ambako unaona mashamba ya mahindi na tumbaku mpaka mbali, pale palikuwa mahali pa kutazama nchi. Huko tulitandika kitambaa na kula nsima, ugali wa huku, na usipa, dagaa wao, tuliobeba, tumekaa, kwa utaratibu. Kula huku unatembea alikukataza kabisa.

Kulikuwa na sheria moja, na hii njo mtu aielewe vizuri. Ni marufuku kusema "kama". Hausemi ukuta huu ni kama ngome. Unasema: ninapanda kwenye ngome. Hausemi tufanye kama tuko mtoni. Unasema: leo Jumamosi, ninavuka daraja, ninapiga kasia mpaka kwenye kinu. Mimi, leo, hapa. Aliyesema "kama" alirudishwa mwisho wa mstari na kubeba dumu la maji la wote. Nimelibeba dumu hilo mara nyingi mpaka bega likanifundisha.

"Mtu akiweka 'kama' kila mahali," Mwalimu alisema, "lugha inakaa mulangoni haiingii ndani."

Siku ya mtumbwi sitaisahau. Kiangazi, kamto kamekauka, mchanga mtupu. Alitukalisha kumi na wanne kwa mstari mmoja kwenye mchanga, kila mtu na mpini wa jembe. Deo Mulonda alikuwa mbele kabisa, kwa sababu alikuwa na mabega, na kwa sababu alikuwa mwanafunzi bora, ninalisema wazi. Mwalimu akatembea pembeni akihesabu. Tukavuta. Kushoto, kulia. Deo akapiga kelele kwa Kifaransa kwamba kuna mwamba mbele, akajitupa upande, na sisi wote tukaanguka juu ya mchanga tukicheka. Wamalawi wawili waliokuwa wanapita na kuni walisimama. Mmoja akauliza kama tunahitaji msaada. Mwalimu akavua kofia akamwambia zikomo, bambo, asante bwana, wote wamefika salama.

Na kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Kwa somo la baiskeli alikodi kabaza mbili, yeye kwenye kiti cha nyuma cha moja, mimi cha nyingine, kuelekea njia ya Madisi. Kijana wa kabaza alitaka kukimbia apate mteja mwingine. Mwalimu alimpiga begani polepole:

"Pole pole, bwana. Tunapita kwenye mizabibu."

"Ndi fodya, bambo," kijana akasema. Ni tumbaku, mzee.

"Ninajua. Endelea pole pole hivyo hivyo."

Watu walifikiri alikuwa anaota kurudi kwa Wazungu wazuri. Si hivyo. Siku tulipokuwa wawili tu, ninampima suruali, aliniambia kwamba miezi ile tisa ilikuwa mibaya. Baridi, na watu wa Mji waliangalia pembeni alipopita. Mama mmoja tu, mjane mzee, alimtembeza Jumamosi, na mwanzoni ni kwa sababu alihitaji mtu wa kumbebea kikapu. Mama huyo njo alimkataza kusema "kama". Na lingine aliniambia akiwa ameangalia ukuta:

"Fundi, ndani ya ngome sikuingia hata siku moja. Wakati wangu ilikuwa imefungwa, wanatengeneza. Vile vyumba ninavyowafundisha, ngazi, dirisha la mviringo, nilivisoma kwenye karatasi ya wageni."

"Sasa wewe na kuchukia uongo kwako kote?"

"Njo maana inanisumbua."

Binti yake, mtoto pekee aliyebaki kati ya watano, alikuwa ameshafika Ufaransa kwa njia yake ndefu, anafanya kazi ya kutunza wazee. Wale wanne wengine walikufa siku moja na mke wangu wa kwanza, kijiji kimoja, na siandiki zaidi ya hapo. Binti alianza karatasi za kumwita baba yake. Aliahidi kwamba akifika, Jumamosi ya kwanza watapanda treni mpaka Mji na wataingia ndani ya ngome wawili. Mwalimu alilisema jambo hilo mara moja tu kwa darasa, kwa wakati ujao, kama zoezi la sarufi. Lakini koti alinishonesha wiki ileile.

Sasa kosa langu, kabla ya siku ile ya mkoba juu ya kiti.

Mimi niliitwa Lilongwe kwa faili yangu ya kuhamishiwa nchi nyingine, na mke wangu na watoto. Yule mama wa ofisi aliuliza mambo ya Fizi, nikajibu kwa Kiswahili, Deo akageuza. Vizuri. Mwishoni akaona kwenye karatasi kwamba nimeandika ninajua Kifaransa kidogo. Akamwambia Deo aniambie niseme kitu, chochote, mambo ya kila siku. Nilikuwa na furaha. Mtu wa darasa la nne anaulizwa Kifaransa ofisini. Nikanyoosha mgongo nikasema kile ninachokijua vizuri kuliko sala:

Kila Jumamosi ninavuka daraja la zamani la Mji. Ninapanda kwenye ngome. Ninapiga kasia mpaka kwenye kinu, kisha ninakula kwenye majani pamoja na marafiki zangu.

Na jina la Mji nikalitaja, kwa sauti. Hakuna "kama" hata moja. Mwalimu angejivuna.

Yule mama aliacha kuandika. Jina la Mji alikuwa amelishika. Akauliza kitu. Deo akajibu kwa Kiingereza. Sikuelewa yote, lakini nilielewa: huyu amesema aliishi kule. Akaniuliza kwa Kiswahili, macho yake hayafiki kwangu, nani alinifundisha. Nikasema Mwalimu. Nikasema kwa heshima, nikijua ninamsifu.

Njo hivyo. Kwangu waliandika kwamba niliishi Ufaransa nikaficha, au ninadanganya, moja kati ya hayo, na faili yangu ikalala. Kwake waliandika kwamba anafunza watu maneno ya kusema ofisini.

Deo alijua. Deo alikuwa mbele kwenye mtumbwi. Maneno matatu yangetosha: ni somo letu.

Nilimfuata Likuni, pembeni ya Lilongwe, anakokaa sasa, Jumapili watu wanatoka kanisani. Nikamvuta pembeni ya ukuta.

"Deo, juu ya nini?"

"Kaka Amisi, usinipigie kelele hapa. Bantu wa kanisa banaangalia."

"Sijapiga kelele. Nimeuliza."

Akafungua kola. "Kwenye karatasi ya kazi niliandika nimemaliza masomo ya sekondari kule Uvira. Kifaransa cha shule. Sasa niseme kwamba ni somo letu? Yule mama atauliza, letu na nani? Wewe na nani? Nitasema nilikisomea mchangani na mpini wa jembe? Niko na batoto watatu, kaka."

"Na Mwalimu iko na mtoto mmoja."

"Najua."

"Basi?"

"Basi nini? Unataka nifukuzwe ili yeye aende kutembea?"

Hivyo njo alisema. Aende kutembea. Nimeyaandika maneno yake vile yalivyotoka.

Tulijaribu kumsaidia mzee. Niliandikisha karatasi kwamba matembezi yalikuwa shule, ili wale wote waliotembea waweke sahihi. Sébastien, aliyekuwa anajiita mkuu wa darasa, aliyebeba daftari la majina na kututangulia kila Jumamosi, ndiye wa kwanza niliyemwendea. Aliisoma karatasi mara mbili akasema sahihi yake ina uzito, acha afikirie. Bado anafikiria. Wengine walisema faili zao ziko karibu kufunguliwa. Walioweka sahihi ni watatu, na mmoja wao alikuwa Mama Riziki wa nyumba ya pili, ambaye hakuwahi kutembea hata siku moja. Mwalimu alipoona jina lake alilifuta mwenyewe. Mama hakutembea, alisema, tusianze.

Na Jumamosi ile iliyofuata baada ya Lilongwe, alivaa kravati. Nilimwona akipita mbele ya cherehani yangu saa ileile. Nilikuwa na haya, sikutaka kutoka. Alisimama.

"Fundi, ngome haiji kwako."

Tulikuwa wawili tu. Alinirudisha njia yote, ukuta, pampu, mto, kilima, na kila mahali nilipotaka kusema pole aliniuliza kitenzi. Jumamosi iliyofuata tulikuwa watano. Hakuacha hata moja. Masika tulitembea kwenye matope, naye anasema hali ya hewa ya Mji njo hii hasa, nyinyi mulifikiri nini.

Mwaka huu, miezi michache iliyopita, nilienda Lilongwe kununua vitambaa na nikapitia Likuni, kwenye hospitali. Mtoto wangu alihitaji dawa. Kwenye benchi ya wagonjwa wa macho nilimkuta Mwalimu amekaa, mikono juu ya magoti. Nilisimama mbele yake na hakunijua mpaka niliposema.

"Amisi. Kaa. Umekonda au ni macho yangu?"

"Ni macho yako, Mwalimu."

"Vizuri. Moja limekwisha. La pili wamesema bado liko na muda kidogo. Nimeuliza muda kidogo ni nini, daktari akasema pengine mwaka."

Nilikaa. Nikamuuliza habari za binti yake.

"Anapiga simu kila Jumapili. Nilienda dirishani pa ofisi, juma lililopita. Kuna mtu mpya, kijana, ana adabu, alinipa kiti. Jirani yangu Mrundi alikuja kunigeuzia. Yule kijana aliangalia faili akasema inaweza kuangaliwa upya. Kitu kimoja tu. Mkalimani aliyekuwa pale aandike kwamba alikosea kugeuza."

"Umemwambia Deo?"

"Nilienda kwake. Mke wake alisema hayuko. Viatu vyake vilikuwa mulangoni." Akanyoosha suruali juu ya magoti. "Alikuwa mwanafunzi muzuri kuliko nyinyi wote. Alikuwa anasikia lugha kwa mwili."

"Mwalimu, usimsifu mbele yangu."

"Sio sifa. Ni matokeo yake." Muuguzi aliita jina lake na akasimama, akatafuta ukuta kwa mkono. "Mi sitarudi kwake mara ya pili. Nimefundisha vya kutosha, sasa yeye ajibu. Wewe ukitaka kuandika, andika. Lakini andika vile ilivyokuwa, usiongeze. Na jina langu liache."

Nimeandika vile ilivyokuwa. Sikuongeza.

Sasa nakuambia wewe, Deo Mulonda, mkalimani, unayekaa Likuni. Hauombwi umsaidie binti wa mtu, wala utoe kitu cha watoto wako. Unaombwa mistari mitatu: kwamba Amisi fundi hakuishi Ufaransa, kwamba alikuwa anasema somo, na kwamba wewe ulijua kwa sababu ulitembea naye. Mtu mzee amebakiwa na jicho moja na mwaka mmoja, na wewe njo umeushika huo mwaka ndani ya mfuko wako. Sébastien, wewe pia, sahihi yako uje nayo, tumeshajua uzito wake.

Dirisha la ofisi linafunguliwa Jumatatu saa mbili. Nimeshafunga cherehani, nimeshawaambia wateja wangu. Kila Jumatatu, kuanzia hii inayokuja, nitakuwa pale mlangoni tangu asubuhi, na safari hii sitaondoka eti kwa sababu faili yangu nayo iko ndani. Kuja, Deo. Kuja useme kwa Kiingereza chako mbele yangu, na mimi nitasikiliza neno kwa neno. Usipokuja, nitaingia niseme mimi, kwa Kiingereza changu cha fundi, kibovu hivyo hivyo, jina lako la kwanza na la pili, mpaka mtu ndani ya ofisi ile akuite na akuulize.